Fundi wa Sauti na Leso Tisa

Wanyama Lusweti alikuwa mtu wa kufurahia vitu ambavyo wenzake hawangevitazama mara mbili. Siku aliyoandika mstari mmoja mfupi katika programu yake ya kinanda, na mstari huo ukakubali, alishuka mbio kutoka chumba chake kilicho juu ya duka la dawa za mifugo mjini Eldoret, akavuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto, akamwambia mama anayechoma mahindi upande wa pili, "Imekubali!" Yule mama alidhani kijana ameajiriwa na serikali. Akampa pongezi, akamchagulia hindi nono kuliko yote, na Wanyama akalila lote bila kumsahihisha.

Mstari wenyewe ulisema hivi: sasa, toa iliyopita. Basi. Ndani ya kompyuta sauti ni msafara wa namba, zaidi ya elfu arobaini kila sekunde, zikipanda na kushuka. Ukichukua kila namba ukaondoa ile iliyoitangulia, kinachobaki ni mabadiliko peke yake. Ni kama mlinzi wa lango asiyejali nani yumo ndani ya boma. Yeye anaandika tu nani ameingia na nani ametoka. Boma likitulia, kitabu chake kinabaki kitupu. Wanyama aliweza kueleza habari hii kwa saa nzima, na aliwahi kufanya hivyo kwenye foleni ya benki, mpaka waliokuwa nyuma yake wakahamia dirisha lingine.

Lakini mstari huo haukuzaliwa kwa raha tu. Ulizaliwa kwa malalamiko, na mlalamikaji alikuwa Wanja.

Wanja alikuwa akipiga kinanda katika kanisa moja dogo mtaani Munyaka, na kwa kuwa kanisa halikuwa na kinanda, alikuwa akitumia ile programu ya Wanyama kwenye simu, waya umechomekwa kwenye spika. Siku moja alipanda ngazi za duka la dawa za mifugo, akasimama mlangoni bila kubisha.

"Wewe ndiye Wanyama wa kinanda?"

"Ni mimi."

"Jumapili umeangusha mzee wa kanisa."

"Mimi? Jumapili nilikuwa hapa hapa!"

"Nikibonyeza noti ya kwanza, spika inapiga dup! kama gunia limeanguka. Sasa mzee alikuwa amelala kidogo, unajua vile wazee hulala wakati wa matangazo. Akaenda chini na kiti yake."

Wanyama alijaribu kusikitika, akashindwa. Alicheka mpaka akashika meza. Wanja naye alimtazama kwa ukali kwa muda wa kutosha, kisha naye akaangua kicheko, na tangu hapo mambo hayakurudi yalivyokuwa.

Kosa lilikuwa rahisi kueleza. Sauti za programu hazikuwa zimekaa kwenye sifuri. Zilikuwa zimeinuliwa kidogo, zote kwa pamoja, kwa hiyo kila wimbo ulipoanza spika ilirushwa mbele ghafla. Kitu kilichoinuliwa kikatulia hakibadiliki, na kisichobadilika, yule mlinzi wa lango hakiandiki. Ndipo Wanyama alipoandika mstari wake, dup ikatoweka, akala hindi la bure.

Furaha ilidumu mpaka Wanja alipobonyeza noti za chini. Spika ikatoa sauti nyembamba kama ya mbu aliyekosa usingizi.

"Besi iko wapi?"

"Eh." Wanyama alijikuna. "Huu mstari una tabia. Sauti nyembamba unazinenepesha, zile nene unazikondesha. Noti ya chini inapanda na kushuka polepole, sasa ukiangalia mabadiliko yake, ni kidogo sana."

"Kwa hivyo umetoa mwiba ukatoa na mguu."

Iliwachukua wiki mbili. Dawa waliyoipata ni kuifundisha programu ikumbuke kidogo ya kile ilichotoa nyuma, kisha isahau polepole, nusu ya asilimia kila hatua. Isahau haraka, besi inakufa. Isisahau kabisa, dup inarudi. Jioni waliyopata kipimo sawa, Wanja alipiga noti ya chini kabisa na vioo vya dirisha vikatetemeka, na dup haikuwepo. Alipiga ukelele, akampiga Wanyama begani kwa ngumi. Kwa siku tatu Wanyama alilichukulia bega lile kuwa bora kuliko lingine. Kupenda ni ugonjwa, na yeye hakutafuta dawa.

Mwaka mmoja baadaye walikuwa wanataka kuoana, na njia ya ndoa ilipita kwa Tata Wamucii.

Tata Wamucii alikuwa dada ya marehemu mama yake Wanja. Alikuwa na duka la misumari, mabati na rangi pale Munyaka, na ndiye aliyemlea Wanja tangu akiwa darasa la tano. Hakumchukia Wanyama. Alimshuku tu, na sababu yake ilikuwa moja: kila alipomwona, kijana alikuwa amevaa hedifoni.

"Huyu ameziba masikio kutwa nzima," alikuwa akimwambia Wanja mbele yake Wanyama. "Mke akiita, atasikia na nini? Na magoti?"

Sherehe ya wakwe kuja nyumbani ilikuwa imeshaahirishwa mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ya msiba, mara ya pili kwa sababu mvua ilikata barabara ya Ainabkoi ambako nusu ya ukoo wa Wanja hutoka. Sasa ilikuwa imewekwa Jumamosi ya kwanza ya Agosti, na harusi ya kanisani ilipangwa Septemba. Wanyama alipofika kuthibitisha, Tata Wamucii aliweka kalamu chini.

"Kutakuwa na kuchagua. Unajua kuchagua?"

Alijua kwa kusikia. Kwa Wakikuyu, bwana harusi huletewa wanawake waliofunikwa leso kuanzia kichwani mpaka miguuni, wote sawa, naye aonyeshe bibi arusi ni yupi. Akikosea watu hucheka na kumtoza faini, kisha maisha huendelea.

"Najua, Mama."

"Hapa kwangu hakuna faini. Hapa utachagua mara moja tu. Ukikosa, Septemba hakuna. Mtarudi Desemba, mahindi yakishaingia stoo, tuanze upya. Mimi sitoi mtoto wa dada yangu kwa mtu asiyemjua."

"Mama, mimi siwezi kumkosa Wanja."

"Wote husema hivyo," akasema Tata Wamucii, akarudi kwa kalamu yake.

Wanyama aliondoka pale akihesabu miezi kwa vidole. Miezi mitatu zaidi! Alihisi hata wiki nne zitamuua. Alimpigia simu mjomba wake, Mzee Mulongo, mfanyabiashara wa nafaka wa Moi's Bridge ambaye ndiye angekuwa msemaji wao, akamweleza.

"Mtu amefunikwa, halafu unachagua?" Mzee Mulongo alishangaa. "Sisi hata gunia la mahindi hatununui bila kulitoboa tuone punje! Sasa utafanya nini?"

"Nitasikiliza, Mzee."

Maana alikuwa na siri. Katika kumrekodi Wanja mara nyingi kwa ajili ya majaribio, Wanyama alikuwa amegundua kwamba kabla ya kuimba, hata kabla ya kuguna tu, Wanja hugusa kaakaa kwa ulimi. Tk. Ni kitu kidogo mno, mwenyewe hajui anakifanya, na sikio la kawaida halikisikii kwa sababu mguno unakimeza. Lakini mpitishe Wanja kwenye ule mstari, sasa toa iliyopita, bila ile dawa ya besi: mguno unakonda, na ile tk, kwa kuwa ni mabadiliko matupu, inasimama juu kama mti wa simu shambani. Wanyama aliandaa programu yake, akaiwekea namba ya kuipunguza nguvu isije ikapasua masikio ya watu, akalala usingizi wa mshindi.

Aliyemtia wasiwasi kidogo ni rafiki yake Njenga, mwenye kukodisha spika, ambaye ndiye angefunga vyombo siku hiyo. Kila alipomtajia mpango wake, Njenga aliinama akaanza kukunja waya ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Njenga, wewe ni Mkikuyu. Kuna kitu sijui?"

"Buda, mimi ni mtu wa spika tu. Usinihusishe."

Jumamosi ikafika na jua lake la saa nne, lile la Eldoret linalowaka huku upepo ukiuma. Ukoo wa Wanyama uliimba langoni kwa nusu saa mpaka wakafunguliwa, akina mama wa Moi's Bridge wakaingia wakitikisa mabega, Mzee Mulongo mbele na kofia yake ya sherehe. Uani kulikuwa na hema, viti vya plastiki, spika mbili za Njenga, na nyuma ya nyumba moshi wa jikoni ambako wanawake wa kukodi na wa kujitolea walikuwa wakiponda mukimo wa viazi na mahindi kwenye sufuria za kutosha kuogesha mtoto mkubwa.

Wakaletwa. Tisa. Leso juu ya leso, soksi miguuni, glavu mikononi. Walisimama mstari mmoja, wengine warefu, wengine wafupi, na Tata Wamucii alikuwa ameshawaza mbele, kwa maana wafupi walikuwa wamepewa matofali ya kukanyagia na warefu walikuwa wamekunja magoti kidogo. Hakuna aliyebaki na umbo lake.

Mzee Mulongo alisimama, akavua kofia.

"Mama, tunashukuru. Lakini sisi ni watu wa upande ule, hatujazoea kuchagua mtu kwa soksi. Kijana wetu ni fundi wa sauti. Tunaomba hawa mabinti wagune kidogo tu. Hata bila maneno."

Wanyama alitegemea wabishane mpaka saa sita. Tata Wamucii alitabasamu, tena haraka sana, akiitazama laptopu mikononi mwa Wanyama.

"Wagune. Kwa nini wasigune? Lakini hiyo mashine yako usisikilize peke yako kwenye hizo takataka za masikio. Chomeka kwa spika. Kama ni kusikia, tusikie wote."

Pale mwenye akili angejiuliza. Mkwe mgumu akikubali ombi kabla halijapoa, kuna namna. Lakini Wanyama alikuwa juu ya mawingu. Aliweka laptopu kwenye kiti cha plastiki, akachomeka waya kwenye miksa, akachukua maiki, akaanza kutembea.

Wa kwanza aliguna kama friji. Kwenye spika mguno ukakonda ukawa upepo, na juu ya kioo cha laptopu mstari wa sauti ukachezacheza. Hakuna tk. Wa pili alianza na kikohozi, watu wakacheka. Hakuna tk. Wa tatu alitetemeka kwa kicheko mpaka leso ikaanza kuteleza na shangazi mmoja akaja kuifunga. Wa nne alikuwa na mguno mzito ajabu, mzito kiasi cha kumfanya Wanyama asimame kidogo. Hakuna tk. Wa tano, wa sita. Wa saba aliacha kuguna, akaanza ubeti wa kwanza wa wimbo wa kanisa, akakataa kunyamazishwa mpaka akaumaliza, watu wakampigia makofi. Wa nane hakuwa na kitu.

Basi ni wa tisa. Wanyama alitabasamu, akamsogezea maiki kwa heshima. Wa tisa akaguna vizuri, taratibu, kwa adabu.

Hakuna tk.

Wanyama alirudi kwa wa kwanza, akapita tena wote, mbio mbio, na watu wa Munyaka wakaanza kunong'onezana na kugongana viwiko. Programu yake ilikuwa ikimwambia kitu kimoja tu, wazi kabisa: hayupo. Lakini atakosaje kuwepo? Umeambiwa uchague, umeletewa tisa, si lazima mmoja awe ndiye? Hivyo ndivyo mtu wa Moi's Bridge anavyofikiri. Gunia likiletwa sokoni, nafaka imo ndani.

Na mwandishi wa programu ana ugonjwa wake wa ziada. Mashine ikimpa jibu asilolitaka, yeye hasemi dunia iko hivyo. Anasema, kosa ni langu, iko wapi ile namba? Wanyama aliiona: ile namba ya kupunguza nguvu. Imepunguza mno, ndiyo maana tk haionekani! Akainama juu ya kiti cha plastiki, maiki kwapani, akaifuta ile namba, akabonyeza.

Njenga angeweza kumwokoa. Kazi ya mtu wa miksa ni hiyo hasa. Lakini Njenga alikuwa ameenda nyuma ya hema, ameuma mkono wa koti lake, anacheka machozi yakimtoka.

Kumbuka tabia ya ule mstari: vyembamba huvinenepesha. Sasa maiki iko wazi, iko kwapani, inatazama spika. Spika inatoa mlio mdogo, maiki inaumeza, programu inaunenepesha, spika inautoa tena. Kwa nusu sekunde ulikuwa mluzi. Baadaye haukuwa na jina. Ulikuwa mlio wa kukata bati kwa meno. Mbwa wa jirani walilia hadi barabarani. Mzee Mulongo alirusha soda yake juu ikamrudia. Watoto waliziba masikio wakashangilia. Wale wanawake tisa waliovumilia soksi, glavu na matofali hawakuvumilia hilo. Walitawanyika kila upande na leso zikabaki nyuma. Wa saba akaonekana kuwa bibi wa miaka themanini, bado anacheka. Wa nne alikuwa Mungai, binamu yake Wanja, mwenye ndevu.

Wanyama alikuwa akibonyeza kila kitufe isipokuwa kile cha maana.

Ndipo kutoka jikoni alipotokea mwanamke mmoja mbio, aproni imejaa unga na masizi, kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi, mwiko wa mukimo mkononi. Aliruka waya mbili, akampita mzee wa kanisa, akafika kwenye miksa, akashusha vidhibiti vyote kwa mkono mmoja kama mtu anayefunga dirisha mvua ikija.

Kimya. Kimya kile cha masikio yanayowaka.

"Wanyama!" alifoka. "Umetoa ile namba ya kupunguza? Maiki ikiwa wazi? Mbele ya spika? Nani alikufunza hivyo? Mimi sikukufunza hivyo!"

Kisha Wanja akakumbuka yuko wapi, na kwa nini alikuwa amefichwa jikoni. Akaficha uso kwa mwiko. Mwiko haukutosha.

Uwanja mzima ulilipuka. Watu walishikana, wakakaa chini, wengine wakakosa viti wakakaa kwenye nyasi. Njenga alitoka nyuma ya hema akitambaa kwa magoti. "Manze, aliniapisha!" alikuwa akilia. "Tata aliniapisha kwa Biblia!" Mungai mwenye ndevu alimweleza Mzee Mulongo, kwa upole, kwamba ni kawaida kabisa mstari wa kwanza kuwa mtupu, kila mtu hapa anajua, bibi arusi huwa hayumo, na mwenye akili hukataa wote ndipo aletewe wengine.

"Gunia tupu!" Mzee Mulongo alishika kichwa. "Walituletea gunia tupu!"

Aliyekuwa hacheki ni Tata Wamucii. Alisimama mikono kifuani mpaka kelele zikaisha zenyewe.

"Sherehe ni nzuri," alisema. "Lakini tulikubaliana. Huyu hakuchagua. Msichana amejileta."

"Mama, lakini amepatikana!" alisema Mzee Mulongo.

"Amepatikana na nani? Yeye ndiye amempata huyu. Neno ni neno. Desemba."

Kicheko kikakauka. Wanja alishusha mwiko. Wanyama alimtazama usoni, na masizi yale, na unga ule kwenye nyusi, akahisi uchungu halisi, maana hakuwahi kumwona akiwa mzuri namna ile, na Desemba ilikuwa mbali sana. Angeweza kubishana. Mzee Mulongo alikuwa ameshafungua mdomo kwa niaba yake. Lakini uongo ungemwingiaje mtu mbele ya uso kama ule?

"Mama, ni kweli," alisema Wanyama. "Sikumchagua. Mashine iliniambia hayupo, nikakataa kuiamini. Nilidhani ni mimi nimekosea hesabu."

Tata Wamucii aligeuka polepole.

"Ilikuambia nini?"

"Kwamba kati ya hawa tisa, Wanja hayupo."

"Saa ngapi?"

"Nilipofika kwa wa tisa. Halafu nikarudia wote, ikaniambia tena."

"Ilijuaje? Imewahi kumwona?"

"Haimwoni, Mama. Wanja kabla ya kuimba anagusa juu ya mdomo na ulimi. Kidogo tu. Hakuna mwingine hapa anafanya hivyo. Mimi husikia hiyo kwanza, ndiyo nisikie sauti yake."

"Mimi sifanyi hivyo," alisema Wanja.

"Unafanya," akasema Tata Wamucii, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Alivuta kiti, akaketi. Kisha alimnyooshea Njenga kidole, akamwambia afungue maiki, na kwa Wanyama akasema arudishe ile namba yake mahali pake, tena sasa hivi. Wanyama akairudisha. Wanja akapewa maiki.

"Guna," alisema Tata Wamucii.

Wanja akavuta pumzi. Na kabla ya mguno, kutoka spika zote mbili, kwa watu wote wa Munyaka na wa Moi's Bridge, ikasikika safi kabisa: tk.

Bibi wa miaka themanini alipiga makofi. Tata Wamucii alifunika macho kwa kiganja, na watu wakaona mabega yake yakitikisika, wasijue kama analia au anacheka, mpaka alipoondoa mkono na ikawa ni vyote viwili.

"Mama yake," alisema. "Mama yake alikuwa anafanya hivyo. Tukiwa wadogo, tukilala kitanda kimoja, gizani, nilikuwa nikisikia hiyo najua sasa ataimba. Tangu tumzike nilidhani ni mimi tu nimebaki ninayeijua. Hata huyu mwenyewe hajui." Alijifuta uso kwa ncha ya leso mojawapo iliyoachwa kwenye nyasi. "Kumtambua mtu aliyepo, hata mbuzi anaweza. Huyu kijana amemtambua asiyekuwepo."

Mzee Mulongo alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Septemba," alisema Tata Wamucii.

Kilichofuata Wanyama hakukikumbuka vizuri. Kulikuwa na vigelegele, akina mama wa Moi's Bridge walimbeba, wakamwangusha, wakambeba tena, Njenga alimkumbatia pamoja na waya zake. Alikuwa akimtafuta Wanja katikati ya mabega ya watu, naye Wanja alikuwa akija, akicheka, mikono mbele, na walipokaribia kabisa kushikana akasimama ghafla na kunusa upepo.

"Mukimo!" alipiga ukelele, akageuka, akakimbia.

Wanyama naye akakimbia nyuma yake, bado amevaa suti ya kukodi. Jikoni moshi ulikuwa mweusi. Waliishika ile sufuria pamoja, mmoja huku na mwingine kule, wakaitoa motoni wakikohoa, wakatazamana juu ya mukimo ulioungua, na hapo, bila mtu wa kuwaona isipokuwa kuku wawili, Wanyama akambusu akapata unga na masizi puani.

"Leteni hivyo hivyo!" Tata Wamucii alikuwa akipaza sauti kutoka uani. "Wageni wana njaa!"

Uliletwa hivyo hivyo. Ulikuwa mchungu upande wa chini, na Mzee Mulongo aliomba aongezewe.